Sabuni ya Madole Mawili

Ukifika Ujiji siku hizo ukaulizia nyumba ya Bi Mwasiti binti Athumani, hakuna aliyekunyooshea kidole. Uliambiwa tu: fuata pua. Uani kwake mawese yalichemka na maji ya majivu tangu enzi za Mwingereza, na harufu ile ilikwenda hata kwenye vichochoro ambavyo mwenyewe hajawahi kukanyaga. Alikuwa mpishi wa sabuni. Si ile ya dukani yenye karatasi na picha ya mzungu anacheka, hapana. Ilikuwa sabuni nyeusi ya donge, inayotoa uchafu, upele na, kwa maneno yake mwenyewe, hata uongo wa mwanamume ukimsugua vizuri mgongoni.

Kazi hiyo aliianza utotoni na mdogo wake, Asia. Wazazi walikufa mapema, wakaachiwa chungu, mwiko na michikichi minne upande wa kwenda Simbo. Walichoma maganda ya ndizi mbivu, majivu wakayatia kwenye chungu chenye matundu, wakamwagia maji, wakakinga yale maji yanayodondoka rangi ya chai. Kisha kila mmoja aliyaonja kwa ncha ya ulimi. Yakikuuma kama nyuki, yameiva; yakikuuma kama mama mkwe, yamezidi, ongeza maji. Mawese yakishachemka na maji yale na kuwa mazito, walifinyanga madonge yangali moto, wakayaweka juu ya majani ya mgomba, na kila donge likapigwa dole gumba mara mbili: Mwasiti anabonyeza la kushoto, Asia la kulia. Hakuna aliyewafundisha. Walikuwa watoto wawili, chungu kimoja, kila mmoja hataki mwenzake aseme sabuni ni yake. Basi mashimo mawili yale yakawa ndiyo jina lao. Watu walisema: nipe ya madole mawili.

Asia akaolewa. Alichukuliwa na Abdulatif, fundi cherehani wa Buyenzi, kule Usumbura, kaskazini mwa ziwa, kwenye mtaa ambao watu wake husema Kiswahili kama cha Ujiji na kupika wali kama wa Ujiji. Nchi ile ilikuwa ya Mbelgiji na hii ya Mwingereza, lakini ziwa halikuwa la mtu. Mtumbwi ulikwenda, mtumbwi ulirudi. Mwenye harusi alivuka, mwenye msiba alivuka, hata mwenye hamu ya kugombana na wifi yake alivuka, akagombana, akarudi na dagaa. Siku ya kuagana Mwasiti alimwambia mdogo wake, "Sasa dole lako nitalipata wapi?"

"Libonyeze wewe," Asia akamjibu. "Bonyeza lako, halafu la kwangu. Na mimi huko nitabonyeza la kwangu, halafu la kwako. Kwani sabuni inajua?"

Ndivyo walivyofanya. Dada mmoja Ujiji, mwingine Buyenzi, na sabuni zao zilifanana kama mayai.

Ukaja wakati wa kudai Uhuru. Bi Mwasiti hakusoma hata herufi ya kwanza, lakini kwenye ngoma ya lelemama hakuna aliyemshika mkia. Mikutano ilipopigwa marufuku, aliapa kwamba yeye ndiye aliyesambaza kadi za chama, akizifinyanga ndani ya madonge ya sabuni, kadi moja donge moja, akapita nazo kichwani mbele ya askari wa boma. Aliongeza kwamba mpishi wa Bwana DC alinunua donge moja kwa makosa, na Bwana DC akajisugua kwapa kwa kadi ya TANU miezi minne bila kujua. "Ndiyo maana," Bi Mwasiti alisema, "alipoondoka aliondoka mpole. Uhuru ulikuwa umeshamwingia kwenye vinyweleo."

Desemba ile ya mwaka sitini na moja Asia alivuka kuja kula Uhuru na dada yake. Alimleta binti yake wa mwisho, Kudra, wa miaka mitatu, mweusi wa macho, aliyelia alipoliona gwaride na akanyamaza alipopewa mkate wa kumimina. Dada wawili walipika sabuni siku tatu mfululizo, wakicheka. Siku ya kuondoka, mvua inanyesha, wakaahidiana Idi.

Idi ilifika bila Asia. Na kule nako walishusha bendera ya Mbelgiji na kupandisha yao, Usumbura ikaitwa Bujumbura, na ghafla pale ufukweni akasimama kijana mwenye kofia anayeuliza karatasi. Bi Mwasiti alimuuliza karatasi ya nini, akaambiwa ya kuonyesha wewe ni wa wapi. Akasema yeye ni wa Ujiji, hata nzi wanamjua. Akaambiwa nzi hawapigi muhuri.

Hilo lilimkaa rohoni. Walipokuwa na mabwana, mlango ulikuwa wazi kwa sababu mabwana hawakujua ulipo. Sasa nyumba ni yao wenyewe, na mwenye nyumba hufunga mlango. Hakuuchukia Uhuru, la. Aliucheza kwa miguu yake miwili. Ila kila akibonyeza dole la kulia, alihisi anaiba.

Miaka ikapita kumi. Jina la nchi lilibadilika, viwanda na mashamba vikaitwa vya wananchi, Bi Mwasiti naye akafiwa na mumewe, Haruna, bila kupata mtoto. Salamu za Asia zilikuja kwa wavuvi, moja kwa mwaka, mara nyingine hakuna.

Halafu mwaka wa sabini na mbili, mwezi wa tano, mitumbwi ikaanza kuja.

Haikuja na harusi. Ilikuja imejaa hadi maji yanachungulia ndani, watu wamekaa kimya, hata watoto. Kule kwao kulikuwa kunauawa watu. Waliokuja walishukia vijiji vya kaskazini, wengine wakaletwa Kibirizi, mwalo wa mitumbwi upande wa pili wa mji wa Kigoma, na serikali ikawaandika vitabuni na kuwapakia treni kwenda makazi mapya huko misituni, mbele ya Tabora.

Bi Mwasiti alitembea kila siku kutoka Ujiji hadi Kibirizi. Aliondoka alfajiri na kikapu, akafika jua likiwa limekaa sawasawa, akasimama majini mpaka magotini akitazama kila uso unaoshuka. Wiki ya kwanza. Wiki ya pili. Watu walimwambia, Bi Mwasiti, utaota magamba. Akasema akiota magamba itakuwa vizuri, ataogelea amfuate mwenyewe.

Wiki ya tatu akamwona mwanamke anamwogesha mtoto. Aliitwa Veneranda, kwa jinsi wenzake walivyokuwa wanamwita, na mkononi alikuwa na kidonge cha sabuni kilichobaki kama nusu ya limau. Bi Mwasiti hakumsalimia hata. Alimdaka mkono.

"Hii umeipata wapi?"

Mwanamke aliogopa. "Mama, kama ni yako chukua. Sikuiba."

"Nakuuliza umeipata wapi!" Akaigeuza. Upande uliobaki ulikuwa na shimo moja na nusu ya la pili.

"Nilipewa na msichana tuliyevuka naye. Alikuwa na kikapu kizima. Wao wameshapandishwa treni, wiki iliyopita."

"Wao nani? Alikuwa na mama yake?"

Veneranda alifikiri. Watu waliovuka vile hukumbuka mambo vipande vipande. "Kulikuwa na mama," akasema mwishowe. "Pwani ya kule kulikuwa na mama. Mtumbwini… mtumbwini sikumbuki, tulikuwa wengi."

Hilo lilimtosha Bi Mwasiti. Kuna mama. Yuko mbele ya Tabora. Alikwenda moja kwa moja kwa karani, kijana mmoja anaitwa Telesphory, amekaa nyuma ya meza na kitabu kikubwa, akamwomba ruhusa ya kwenda makazini. Telesphory akasema, bila kuinua kichwa, kwamba kule hawaendi ila wakimbizi.

Bi Mwasiti akaondoka. Akalizunguka banda. Akavua kanga ya kichwani akaifunga upya Kibuyenzi, akajipaka vumbi miguuni, akarudi kwenye foleni. Zamu yake ilipofika alisema, "Amahoro," salamu ya Kirundi, kwa sauti ya mtu aliyechoka.

"Jina?"

Hapo ndipo ulimi ulipomponyoka. Jina lake lilijulikana mji mzima kwa sababu ya sabuni, angeumbuka. La kwanza lililokuja kinywani ndilo lililokuwa limejaa kifuani. "Asia binti Athumani."

"Umetoka wapi?"

"Buyenzi. Mume wangu fundi cherehani."

"Umevukaje?"

"Mgongoni kwa singa," akasema Bi Mwasiti, maana hata akiwa na hofu hakuweza kuiacha nafasi kama ile ipite. "Samaki mkubwa, mwanangu, ana masharubu kama ya liwali. Nilimshika masharubu huku na huku."

Telesphory akaandika: mtumbwi.

Hivyo ndivyo mwimbishaji wa lelemama ya Uhuru alivyopandishwa treni kama mkimbizi katika nchi yake mwenyewe, akapewa uji na blanketi, na akapungiwa mkono na watoto wa Kigoma waliokuwa wakimwonea huruma. Mmoja wao alikuwa mteja wake. Bi Mwasiti akajifunika blanketi usoni.

Makazi yenyewe yalikuwa msitu wa miombo uliokatwa katikati, vibanda vya nyasi vimepangwa mstari. Hapakuwa na ziwa. Hilo alilihisi kabla ya kushuka kwenye lori lililowachukua stesheni: hewa haikuwa na unyevu, upepo haukuwa na samaki. Karani wa huko alisoma majina. Alipofika kwake akasimama, akafungua kurasa za nyuma, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile.

"Asia binti Athumani wa Buyenzi? Mume fundi cherehani? Mama, binti yako yuko hapa! Kudra! Mwiteni Kudra, aambiwe mama yake amefika!"

Bi Mwasiti akafungua kinywa kusema hapana, ngoja kwanza. Lakini neno lilikuwa limeshatangulia, linapokewa kibanda hadi kibanda: mama yake Kudra amefika, mama yake Kudra amefika. Wanawake walianza vigelegele. Na mwisho wa mstari wa vibanda akatokea msichana wa miaka kumi na minne anakimbia, kanga imemdondoka, hakuiokota, mikono imetangulia mbele.

Dada wale walifanana. Kwa mbali walifanana sana. Kudra alikimbia mpaka zikabaki hatua tatu, akasimama kama aliyepiga ukuta. Akamtazama. Mikono ikateremka taratibu.

"Wewe siye," akasema.

"Siye, mwanangu. Mimi ni mama mkubwa wako. Mwasiti. Wa Ujiji."

Vigelegele vilikuwa bado vinaendelea nyuma yao. Bi Mwasiti alikuwa amesema uongo mwingi maishani na haukuwahi kumdhuru mtu. Huu wa jina moja tu ulimchinja mtoto mbele ya macho yake. Alimkumbatia, na watu waliokuwa wakitazama wakalia kwa furaha, maana wao waliona mama na mwanawe.

Ndani ya kibanda Kudra alimweleza. Baba alichukuliwa na askari kazini. Mama yake alimfikisha ufukweni, akampandisha mtumbwini, akampa kikapu cha sabuni, akamwambia: "Ukifika Ujiji uwaonyeshe watu hii, watakupeleka kwa dada yangu. Mimi narudi mara moja nimwangalie baba yako. Nakuja na mtumbwi wa pili." Walishukia kijiji cha kaskazini, na waliowapokea hawakumruhusu kwenda Ujiji, sabuni haikuwa karatasi. Alisimama pale siku nne akiutazamia ziwani mtumbwi wa pili, halafu wakampeleka Kigoma usiku na kumpandisha treni.

Kikapuni lilibaki donge moja. Kudra alilifunga kwenye kitambaa. Bi Mwasiti akalifungua, akatia dole lake kwenye shimo la kulia. Lilipwaya. Asia alikuwa na dole nene zaidi, alisahau. Miaka yote ile alikuwa akibonyeza dole jembamba akidhani ni la mdogo wake.

Wakaishi mama na mwana kwa mujibu wa kitabu. Walipewa jembe moja, shoka moja, na mbegu za mahindi. Jioni Bi Mwasiti aliwaambia watoto wa jirani habari za ziwa lake: kwamba dagaa wa Ujiji huja wenyewe mlangoni ukipiga sufuria, kwamba kule Ilagala, mto Malagarasi unapoingia ziwani, kuna kiboko anayeswali Ijumaa. Watoto walicheka. Kudra hakucheka. Aliuliza swali moja kila siku: "Mama mkubwa, kutoka hapa mtumbwi wa pili tutauonaje?"

Bi Mwasiti akaanza kutamani Ujiji kama mwenye kiu. Kule angalau mtu husimama majini akatazama kaskazini.

Mkuu wa makazi aliitwa Bwana Feliksi, mtu wa makamo, kofia ya jua na kaptula iliyopigwa pasi mpaka inakata. Wakimbizi walimwogopa, maana yeye ndiye aliyegawa kila kitu. Siku moja aliita baraza agawe majembe mengine. Akajitwika mwenyewe sanduku moja kutoka kwenye gari ili awaonyeshe watu mfano wa kazi, akalitua, akashika kiuno, akaguna, "Ah, mgongo wangu! Na sisi Wanyamwezi ndio tunaosifiwa kwa kubeba."

Bi Mwasiti alikuwa mstari wa mbele. Alijizuia. Mungu ni shahidi alijizuia, akabana midomo, akatazama chini. Lakini Mmanyema wa Ujiji na Mnyamwezi ni watani tangu misafara ya pembe, na mtani akijitoa mwenyewe vile ni kama embe limekudondokea mkononi.

"Mnyamwezi gani wewe!" akasema kwa sauti ya ngoma. "Babu yako alibeba kitanda cha Mwarabu toka Ujiji mpaka Bagamoyo, hakukilalia hata siku moja. Wewe sanduku hatua kumi unalia! Vua kofia hiyo uwape mbuzi, wao ndio wana migongo."

Watu wakasogea mbali naye kama aliyeshikwa na moto. Bwana Feliksi akageuka, na kabla hajafikiri, desturi ikamjibia:

"Nyamaza wewe mla watu! Nyinyi babu zenu walimtafuna mgeni wakauliza chumvi iko wapi!"

"Ningekutafuna na wewe, lakini nyama ya Mnyamwezi inanuka mzigo!"

Bwana Feliksi alianza kucheka, kicheko cha kwao nyumbani. Katikati ya kicheko akakwama. Akamtazama vizuri. "Hebu ngoja. Mama, wewe umeandikwa umetoka Bujumbura. Mkimbizi gani anathubutu kunitukana mimi? Njoo ofisini."

Ofisini Bi Mwasiti alimweleza yote, tangu chungu cha kwanza mpaka singa mwenye masharubu. Bwana Feliksi alisikiliza kofia ikiwa magotini. "Basi wewe ni mwananchi. Una kadi ya chama?"

"Nilikuwa nayo. Panya wa Ujiji aliila. Sasa yeye ndiye mwanachama."

"Mtani wangu, hili si la mzaha. Nikikuandika jina lako la kweli, kesho unapanda treni unakwenda kwako. Kukaa hapa si halali yako."

"Na Kudra?"

Akafungua kitabu. Alikieleza taratibu, maana hakuwa mtu mbaya. Mtoto mkimbizi mwenye mama haondoki makazini bila mama yake, na mama yake, kitabuni, amefika, amepewa jembe. Mtoto yatima ndiye anayeweza kukabidhiwa ndugu aliye mwananchi. "Kwa hiyo nikikutoa wewe kwenye jina hili, lazima nilifunge. Kuna pa kuandika 'amefariki'. Nikiandika hivyo, mtoto ni wako, mwende Ujiji. Nisipoandika, ama ubaki hapa uwe Asia maisha yako yote, ama uondoke peke yako."

"Andika hajulikani alipo."

"Hakuna mahali pake."

"Kitabu kikubwa namna hiyo hakina mahali pa mtu aliyechelewa?"

Bwana Feliksi akakifunga kitabu.

Bi Mwasiti alitoka bila kuaga. Siku tatu hakuongea, na kwa Bi Mwasiti siku tatu kimya ni kama mwingine kuzimia. Kumwandika Asia amekufa! Yeye ambaye hakumlilia, hakumkalia matanga, hakuisoma hitima, kwa sababu mtumbwi wa pili ulikuwa bado majini. Ndimi za watu zinaua, alijua, na kalamu je? Kudra alipoambiwa aliuliza polepole: "Mama mkubwa, wakiandika amekufa, halafu akafika Kigoma, karani akaangalia kitabuni… watamruhusu ashuke?"

Swali hilo ndilo lililomwamsha. Asubuhi ya nne alioga, akajifunga kanga yake nzuri, akaenda ofisini na Kudra na lile donge kwenye kitambaa.

"Mtani," akasema. "Kwetu akifa mtu, nani anachimba?"

"Mtani," akajibu Bwana Feliksi.

"Nani anashuka kaburini akalala, akasema sitoki mpaka nilipwe?"

"Mtani."

"Na mtani akikuambia umekufa, umeoza, funza wamekukimbia, unakufa?"

Akaanza kuelewa. Akaweka kalamu chini. "Hapana. Neno la mtani haliui. Ndiyo kazi yake."

"Basi andika. Lakini usiandike wewe mkuu wa makazi, huyo simruhusu. Aandike mtani. Serikali isome inavyosoma, sisi tutajua ni utani. Na ufanye kama inavyofanywa, au sitaki."

Bwana Feliksi alitazama dirishani. Akaenda akafunga mlango. Kisha yule bwana mwenye kaptula ya pasi akavua kofia, akalala chali sakafuni, mikono pembeni, mbele ya meza yenye bendera ndogo ya taifa.

"Hili kaburi zuri," akasema huku anaangalia dari. "Pana, baridi. Asia binti Athumani hana haja nalo, nimelichukua mimi. Sitoki mpaka nilipwe!"

Kudra akacheka. Kicheko kilimtoka ghafla, cha kwanza tangu Buyenzi, halafu kikageuka kilio, na kilio kile nacho kikachanganyika na kicheko mpaka hakijulikani. Bi Mwasiti alichukua donge la mwisho la mdogo wake. Alilishika kwa muda. Malipo ya kumtoa mtani kaburini hayawi kitu usichokijali. Akalikata katikati kwa kisu cha mezani, shimo la kushoto akampa mtani, la kulia akarudisha kitambaani.

"Toka, mchukuzi. Umelipwa."

Bwana Feliksi akainuka, akajipangusa vumbi, akaandika neno lile. Hakuna aliyemwambia pole Bi Mwasiti, na yeye hakuitaka.

Walifika Ujiji siku ya arobaini tangu Bi Mwasiti alipopotea. Majirani walikuwa wameamini ziwa limemchukua. Uani kwake masufuria ya pilau yalikuwa motoni na shehe ameshafungua kitabu kumsomea hitima. Mwanamke mmoja alipomwona akazimia juu ya vitunguu. Bi Mwasiti akaketi, akanawa mikono, akaomba sahani mbili. "Endeleeni kusoma," akasema huku anakula. "Mimi si wa kwanza kuzikwa nikiwa safarini." Alikuwa anaringia arobaini ile mpaka uzeeni, alisema pilau ilipungua chumvi, na kwamba maiti wengine hawapati hata nafasi ya kulalamika.

Sabuni ikarudi kuwa na watu wawili. Bi Mwasiti alibonyeza la kushoto, Kudra la kulia, na dole la Kudra, kwa jinsi lilivyokuwa linakua, likawa nene. Ijumaa baada ya swala walitembea hadi mwaloni, wakasimama majini. Mitumbwi ilikuja miaka yote, maana vita huko jirani havikukosa: mara wale wa kaskazini, mara wale wa ng'ambo, Wakongo. Bi Mwasiti alitazama kila uso. Kila aliyeshuka alipewa kipande cha sabuni aoge, na kila mmoja aliulizwa swali lile lile, kama amemwona Asia.

Kudra aliolewa, akazaa. Matanga ya Asia hayakukaliwa. Wanachuoni walimshauri Bi Mwasiti, ndugu walimshauri, akasema: aliyezikwa na mtani tu bado hajazikwa, mwacheni amalize safari.

Mwaka mmoja, nywele zake zikiwa nyeupe zote, akapigiwa hodi na mzee mwenye fimbo na mgongo uliopinda, kuku mkononi. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na kitu kigumu kilichofungwa karatasi, kimekauka, na shimo lake moja.

"Mla watu, upo?"

"Mchukuzi!" Bi Mwasiti hakuinuka, miguu ilikuwa imeshamkataa, lakini macho yalicheka. "Umetoka Tabora na kuku mmoja tu, na amekuchosha?"

Wakatukanana mpaka Kudra akaleta kahawa. Ndipo mzee Feliksi akaegemeza fimbo ukutani, akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za mgonjwa:

"Marehemu hajambo?"

Bi Mwasiti aligeukia dirisha la upande wa ziwa, pale lilipowekwa lile nusu donge lenye shimo la kulia.

"Hajambo," akasema. "Amechelewa tu."